Tairi Lenye Ndevu

Ukitaka kudharauliwa na watu wa rika zote kwa mpigo mmoja, njoo Tarime wakati wa masika, simama mbele ya duka la spea za pikipiki, halafu sema unatafuta tairi linaloshika kwenye mvua. Basi. Umejimaliza. Muuzaji atacheka. Mtoto aliyetumwa spoki atacheka. Hata yule mama wa ndizi aliyejibanza barazani kukwepa manyunyu, ambaye hajawahi kukanyaga kiki maishani mwake, atakuuliza, "Kwani yapo ambayo hayashiki?"

Mie nauza masweta ya mtumba. Nafunga belo nyuma ya Boxer, nazunguka minadani: Sirari, Nyamongo, mara nyingine navuka Mto Mara mpaka Mugumu. Sasa biashara ya sweta inataka baridi, hiyo ndiyo laana yangu. Wenzangu wa kandambili mvua ikinyesha wanafunika turubai wanalala. Mie mvua ikinyesha ndiyo wateja wanatetemeka, ndiyo natakiwa niwe barabarani. Na Tarime kuna baridi, jamani, msidanganywe na ramani kwamba tuko jirani na ikweta. Huku ni mlimani, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kahawa inastawi kwa raha zake. Asubuhi ukishika breki, vidole vinachukua muda kukubali kwamba ni vyako.

Kumbe na mpira nao unasikia baridi! Hili kaniambia fundi. Mie siku zote nilijua anayesikia baridi ni mtu na mbuzi. Anasema mpira ukipoa unakakamaa, na tairi likikakamaa haliwezi kujikunja likakamata vile vikwaruzo vidogo vya lami, linapita juu kwa juu. Linatakiwa litembee lipate joto. Joto litoke wapi? Boxer lenyewe spidi hamsini, belo limelala mgongoni, na mvua inalimwagia maji bure njia nzima. Linafika Sirari na ubaridi wake uleule lilioondoka nao.

Tuje dukani. Saizi nazijua, msinionee. Mbele 2.75-17, nyuma 3.00-17. Nilizikariri, nikaingia nikazitamka kwa sauti nzito. Muuzaji akauliza, "Sawa mura, unataka la mistari au kashata?" Hapo hapo elimu ikakata. Nikasema nataka zuri.

Akayashusha. Nikachagua kwa akili zangu timamu. Nikachukua lenye ndevu. Si mnazijua zile ndevu za mpira zinazochomoza tairi likiwa jipya? Nilitafuta lenye ndevu nyingi kuliko yote, maana kitu cha kushikia si lazima kionekane? Nikauliza kabisa, "Hizi ndevu zinakaa muda gani?" Duka zima likanyamaza. Fundi pancha akaacha kazi yake nje, akaja kunitazama usoni. Akanieleza polepole, akitua kila neno, kwamba zile ni mpira uliopenya kwenye vitundu vya kutolea hewa kule kwenye kalibu la kiwandani, hazishiki chochote, ukitembea kidogo zinakatika. Tangu siku ile pale dukani naitwa Ndevu. Na kidevu changu mnakijua, hakijawahi kuota kitu.

Sikukata tamaa. Nikasoma ubavuni. Kuna kiduara kimeandikwa 2516. Mie penye namba naona bei. Nikajua wameficha sifuri moja ili mteja asishtuke, yaani elfu ishirini na tano mia moja sitini. Nikaanza kupatana. Nikamwambia hiyo mia sitini aitupe, twende kiungwana. Akasema, "Mzee, hiyo ni wiki ya 25 ya mwaka 2016. Ndipo lilipotengenezwa." Kumbe lile tairi lilikuwa linaning'inia kwenye msumari pale nje, miaka yote hiyo, linapigwa jua. Ukilikunja unaona nyufa nyembamba kati ya kashata na kashata. Nikauliza, si limezeeka hili? Muuzaji akalipiga kofi la fahari. "Limekomaa. Hili litadumu, bosi."

Litadumu. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na mji huu. Ingia duka lolote, kaa kijiwe chochote cha bodaboda, swali ni moja tu: litadumu? Sijasikia mtu akiuliza kama litashika. Na ukiwaza vizuri, wana haki. Kijana anadaiwa hesabu na tajiri wake kila jioni, hawezi kununua tairi laini linalotafunwa na changarawe kabla deni la tairi lililopita halijaisha. Kwa hiyo anataka gumu. Muuzaji analeta gumu, maana ndilo linalotoka. Na mpira mgumu ndio uleule unaoteleza lami ikilowa. Mlaini unashika, unaisha. Mgumu unadumu, unakutupa. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapa, kila mtu kapata alichoomba. Ila wanaodumisha matairi ni wao, anayeokotwa mtaroni ni mie.

Kuna mzee mmoja kijiweni, ukitaja tairi tu anaanza, "Enzi za General Tyre..." Kwamba tairi la Arusha lilikuwa tairi, siyo haya. Sawa baba, shikamoo. Kiwanda kile kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na wakati kinafanya kazi mzee wetu alikuwa anaendesha baiskeli. Lakini nani atamwambia? Si mie. Mie ni Ndevu.

Basi nikanunua kashata, mbele na nyuma, la umri mdogo kidogo. Nikaona nimemaliza. Nikapita kwa vijana wanaoosha pikipiki, nikasema piga maji, leo ni siku kubwa. Kijana mwenye bidii akaosha, halafu kwa mapenzi yake akachukua ile dawa ya kung'arishia, akapaka matairi yote. Siyo ubavuni tu. Akapaka mpaka kwenye kashata zenyewe! Yaliwaka. Nikamwongezea na buku la soda. Nikatoka pale kifua mbele, manyunyu ndiyo kwanza yanaanza, yale ya mwanzo yanayochanganya vumbi na mafuta ya magari juu ya lami. Mbele ya stendi mama akakatiza na ndoo. Nikagusa breki. Gurudumu la nyuma likatoka nyuma likaja kusalimiana na la mbele. Nilikaa chini taratibu, kwa heshima, katikati ya barabara. Bodaboda wote wakasimama. Mmoja akaniuliza kama nimeshuka hapo au naendelea.

Fundi alipokuja kunyoosha usukani akasema hata bila ile dawa kashata kwenye lami iliyolowa ni matatizo. Lami inagusana na vichwa vya kashata tu, nafasi kubwa ya katikati ni hewa, na vile vichwa vyenyewe vinayumba ukikata kona. Unatembea kama mtu aliyevaa njumu sebuleni penye vigae. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. Akasema, "Ulikuwa unaulizia ndevu."

Haya, nikajifariji kwamba njia ya Mugumu kashata litanilipa. Ile barabara kupitia Nyamongo ni kilomita kama 87, na lami yenyewe imeingia vipande vipande. Hapa lami, pale changarawe, mbele kidogo udongo mtupu. Yaani tairi ulilochagua linafaa kwa robo saa, halafu robo saa inayofuata unalitukana. Milima ya Tarime, udongo mwekundu, nakiri kashata lilifanya kazi. Linachimba, linatupa tope, unapanda. Nikaanza kuimba. Nikavuka daraja la Mto Mara nikiwa bado naimba.

Upande wa Serengeti kuna udongo mweusi. Wenyeji wanaujua. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu, ukilowa unageuka gundi. Hutelezi tu, unabebwa. Tope lilijaa kati ya kashata, likapanda kwenye madigadi, likashindiliwa mpaka gurudumu la mbele likagoma kuzunguka kabisa. Injini inanguruma, mie nimesimama. Vijana wa huko madigadi ya mbele wameshang'oa zamani, au wameinyanyua juu. Yangu ilikuwa chini, tena nimeichora bendera. Nikashuka nikaanza kuchokonoa kwa kijiti. Nachokonoa, nasukuma hatua tatu, inajaa. Nachokonoa tena.

Ng'ombe wakanipita. Wametulia, kwato zimepasuliwa katikati, zinatanuka zikikanyaga na kubana zikinyanyuka, hazina habari na mvua. Nyuma yao kijana mchungaji kavaa katambuga zilizokatwa kwenye tairi chakavu la pikipiki. Nikaziangalia zile soli. Zina kashata nzuri kuliko zangu! Akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo baba," halafu akauliza, "Pikipiki unaipeleka wapi?" Maana kwa hali ile ilikuwa wazi kwamba mimi ndiye ninayeipeleka.

Akatokea mtaalamu mwingine, hawakosekani. Punguza upepo, litakanyaga kwa mapana. Nikapunguza. Nikapunguza sana, kwani kizuri si unazidisha? Mwendo mfupi, tairi likaanza kuzunguka peke yake juu ya rimu, likaburuta tyubu, tyubu ikang'oka vali. Pssss. Mvua inanyesha, sina pampu. Mnadani nilifika watu wanafunga. Belo lilikuwa limekula tope upande mzima. Mteja mmoja akanyanyua sweta, akaligeuza, akaniuliza kama na mengine yapo ya rangi hiyo hiyo.

Lakini lililoniuma zaidi ni la mzungu. Hawa wanaosafiri na mapikipiki makubwa, wanaoingia kutokea Kenya pale Isebania, wanaelekea Musoma na kwingineko mpaka Afrika Kusini. Mmoja alisimama Tarime kunywa chai. Nikachuchumaa nikakagua tairi lake. Pana, kashata zimesogeleana katikati, zimeachana pembeni, na ubavuni herufi M+S. Nikawatangazia watu pale kwamba jamaa kajiandaa, kaagiza kabisa tairi la Mara na Serengeti. Watu wakaitikia kwa kichwa, wengine wakaja kulishika. Mzungu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema hapana, maana yake ni tope na theluji. Theluji! Sisi huku tunaishia kwenye mvua ya mawe. Akaendelea kwamba kwao Uingereza pikipiki ikiwa na mifereji ya tairi yenye kina chini ya milimita 1, ni kosa la barabarani. Nikamvuta mkono kwa uchangamfu nikamwonyesha la kwangu la mbele, ambalo wakati huo lilikuwa limebadilishwa, nimeazimwa la shemeji. Akainama. Akanyamaza. Halafu akatoa simu akalipiga picha. Mpaka sasa sijui ile picha inaonyeshwa nani huko Ulaya.

Kwa sasa mbele nina la mistari, ile mifereji mirefu inayotoa maji, nyuma nusu kashata nusu barabara, mpira laini. Nilibonyeza kwa ukucha mbele ya muuzaji, alama ikabaki, nikatikisa kichwa kitaalamu. Fundi akalifunga. Siku nzima nikawa nasimamishwa na watu. "Ndevu, mshale!" Kuna mshale ubavuni unaoonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi, na wangu ulikuwa unaelekea nilikotoka. Fundi anadai alifunga sawa, mimi ndiye niliyeegesha pikipiki kinyume. Nilizunguka upande wa pili kuhakikisha. Mshale ulikuwa kinyume vilevile. Kugeuza ni pesa nyingine.

Linashika lakini. Kwenye mvua ya juzi nilifunga breki mbele ya stendi ileile, nikasimama wima, nikaangalia kama kuna aliyeona. Hakuna aliyeona. Na linaisha, kashata za katikati zimeanza kuwa bapa. Mke wangu kapiga hesabu ya masweta kwa tairi, akamwita kaka yake. Shemeji akaja akakaa, akanywa uji, akasema niuze pikipiki ninunue punda, punda hana spea.

Nikaenda kuulizia. Mwenye punda akanitazama, akatazama belo, akauliza, "Unataka wa kupanda milima au wa kukanyaga tope?"

Nikasema nataka mzuri.