Jinsi ya Kuzima Injini ya Kupandikiza

Hongera. Injini ya Mercedes OM617, silinda tano, lita tatu, imekaa ndani ya Land Rover 109 yako kana kwamba imezaliwa humo. Fundi kapiga stata, imewaka, watoto wa mtaa wameshangilia, soda zimenyweka. Unarudisha ufunguo kuizima. Inanguruma. Unauchomoa ufunguo, unautia mfukoni. Bado inanguruma. Karibu darasani.

Dizeli haina plagi za cheche. Ikishawaka, mambo ya ufunguo haiyajui; ukitaka inyamaze, inyime mafuta. Wajerumani walilifanya hilo kwa vakyumu. Pampu iliyo mbele ya injini hunyonya hewa. Ukizima swichi, kivali kidogo nyuma yake huupitisha mvuto huo hadi kwenye kikopo kilichofungwa kwenye pampu ya nozo. Dayaframu inavutika, mafuta yanakatika, kimya. Kivali hicho kilibaki kwenye usukani wa Mercedes, na Mercedes umeshaiuza chuma chakavu. Redio ulikumbuka kuitoa.

Usiwaonee wivu wenye Mercedes nzima. Kwenye W123 vakyumu hiyohiyo ndiyo inayofunga milango, kwa hiyo kitasa kikivuja, injini inaweza kugoma kuzimika. Milango yako wewe inafungwa kwa kamba. Shukuru.

Sasa nenda dukani ukaombe vali ya vakyumu ya umeme, ya matundu matatu. Muuzaji atakupa ya matundu mawili na kukuapia kwamba ni zilezile. Mimi nilimwamini. Injini ilizimika kwa adabu, kisha ikagoma kuwaka. Tulibadilisha betri. Tulifungua bomba la dizeli, likatema vizuri tu. Saa tano hivi fundi akaanza kuuliza kama nina ugomvi na jirani. Ni kijana wa kuosha magari aliyechomoa mpira kwenye kikopo: fyuu! Hewa ikaingia, injini ikawaka. Vakyumu ilikuwa imefungiwa humo ndani, imeyakaba mafuta, haina pa kutokea. Tundu la tatu ni la kupumulia.

Kwenye nyaya kuna njia mbili. Ukifunga vali ipate moto muda wote gari linapotembea, waya ukichomoka utazimikiwa kwenye mteremko, na pampu inayoisaidia breki itasimama pamoja na injini. Ukifunga ipate moto wakati wa kuzima tu, waya ukichomoka gari halizimiki. Chagua utakalolitukana. Mimi nachagua la pili.

Mpira mwembamba wa kuipa vali vakyumu uunge kati ya pampu na vali ya njia moja ya busta ya breki, si upande wa busta, la sivyo ukipasuka utaondoka na akiba yako ya breki. Fundi atapendekeza mpira wa dripu kutoka duka la dawa. Unapendeza, lakini ukipata joto la injini hulegea na kunywea. Kabla ya kuunga, nyonya mpira wa kikopo kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Ulimi ukinata na kubaki umenata, kikopo ni kizima. Ukionja oili, dayaframu imechanika na umeshapata kifungua kinywa.

Kuna pia kikono chekundu juu ya injini, kimeandikwa STOP. Ukikibonyeza, inazimika bila vakyumu wala umeme. Fundi atataka kukikata kwa sababu kinagusa chujio la hewa. Mkatalie, hata kama chujio litakaa upande.

Changu nimekifunga waya wa breki ya baiskeli, nikaupitisha hadi chini ya dashibodi, mwishoni nikaufunga kishikizo cha koti. Ndio ninaozimia gari hadi leo. Vali ya matundu matatu niliipata hatimaye; ipo kwenye droo, ndani ya boksi lake.