Frigo Isiyotaka Kulala Upande

Habari ilifika Bel-Air Jumapili baada ya misa, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: mtoto wa nyumba hiyo aliyeko Arizona, Marekani, amenunua nyumba. Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele vikakatika sauti ilipoendelea kueleza kwamba nyumba yenyewe ina magurudumu, inavutwa na pikapu, haijaungwa kwenye umeme wowote, na frigo yake inawashwa kwa moto.

"Moto mu frigo?" mama yake akauliza. "Huyu mutoto anakula muzuri kule?"

Swali lilikuwa la haki. Bel-Air, katika komini ya Kampemba, ni mtaa unaojua vizuri maana ya umeme kukatika huku samaki wakiwa wamejaa ndani ya frigo. Sasa mtu anaondoka Lubumbashi, anahangaikia makaratasi miaka na miaka, halafu anatoa dola zake mwenyewe kununua giza. Jirani mmoja alishauri aombewe.

Kumbe kijana hakuwa peke yake. Kila msimu wa baridi wastaafu wa Marekani na Kanada huteremka kwa maelfu, na karavani zao, hadi jangwa la Quartzsite, upande wa magharibi wa Arizona. Serikali imewatengea maeneo ya kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Nguzo ya umeme hakuna, bomba la maji mlangoni hakuna, na watu wenye nyumba nzuri huko kwao hukaa hapo kwa hiari wakifurahia vumbi. Mwana wa Bel-Air ameona riziki: anazunguka na sanduku la vifaa akiwatengenezea bawaba, mabomba, na zaidi ya vyote frigo.

Frigo hizo zimempa kazi kuliko kitu kingine, naye huzieleza nyumbani kama mtu anayesimulia tabia za shemeji mkorofi. Hazina kompresa wala pampu. Ndani yake hakuna chuma kinachozunguka. Kuna mabomba yaliyofungwa, yenye maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo wa gesi, au waya wa umeme ukipatikana, huchemsha mchanganyiko ule chini ya frigo. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa kwenye mapezi ya nyuma na kuwa kimiminika, kisha hushuka ndani ya mabomba ya chumba cha baridi. Humo hukutana na haidrojeni, hugeuka tena kuwa mvuke, na katika kugeuka huko hunyang'anya vyakula joto lake. Halafu maji huinywa amonia hiyo, na vyote viwili hutiririka kurudi kwenye moto. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio waliobuni mpango huu mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikaununua muda mfupi baadaye.

Neno la kushika hapo ni "hutiririka". Kinachorudisha maji ni mteremko tu. Karavani ikiegeshwa upande, maji hutuama kwenye kona ya bomba, birika la kuchemshia hukauka, na moto unaendelea kuunguza chuma kitupu. Ndani ya maji yale huwekwa kromati ya sodiamu ili mabomba yasiliwe na kutu. Joto likizidi, dawa hiyo huungua, hugeuka ukoko na kuziba bomba jembamba linalopandisha maji. Ukoko huo hautoki. Saa chache za kuegesha vibaya leo, nyingine mwezi ujao, na zote hujumlishwa hadi siku frigo inapokuwa kabati la moto.

Wamarekani wengi huelewa kinyume. Huogopa barabara za milima, ambazo hazina neno, kwa sababu gari linapoyumba huku na huku maji nayo hupata nafasi ya kurudi. Kisha wanafika, wanaegesha kwenye kilima ili waone jua likizama vizuri, na wanalala. Frigo ndiyo inayokesha.

Hapo ndipo sauti ya pili ilipoingia kwenye kundi la familia, ya baba mkubwa, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati ya misheni mbali na mji, ambako chanjo zilihifadhiwa kwenye frigo ya petroli, yaani mafuta ya taa. Mzee hakushangaa hata kidogo. Frigo ya karavani, alisema, ni mdogo wake na ile ya petroli. Tumbo ni lilelile, utambi tu ndio uliobadilika. "Weka sahani ya maji mule ndani, pale penye barafu," aliagiza. "Usipime sakafu ya nyumba. Sakafu inadanganya." Zahanati ilikuwa na vipande vya mbao vya kuingiza chini ya miguu ya frigo, na ole wake mfagiaji atakayevisogeza.

Kijana alilinganisha na vitabu vya watengenezaji. Frigo nyingi za aina hii huvumilia mwinamo wa nyuzi 3 hivi kwa upande mmoja na 6 kwa upande mwingine, si zaidi. Sahani ya mzee ilikuwa inatosha.

Lakini Arizona ina adhabu yake ya pili. Phoenix mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Frigo ya moto hutupa joto lake kupitia tundu la chini na tundu la juu la ukuta wa karavani. Hewa ya nje ikiwa tanuru, joto haliondoki. Kwa hiyo kijana huwaambia wateja wasielekeze upande wa frigo kwenye jua la alasiri, huwafungia feni ndogo za volti 12 nyuma ya mapezi, na kwenye birika huwawekea kipimajoto kinachokata moto chuma kikizidi kiasi na kuuruhusu tena kikipoa. Halafu anafagia. Nyigu wa huko hujenga viota vya udongo penye kichomeo, na ndege huziba tundu la juu. Mteja mmoja alikuwa amelifunga tundu hilo kwa karatasi ya alumini, eti vumbi lisiingie.

Kisa kilichochekesha Bel-Air wiki nzima ni cha mzee wa Minnesota ambaye frigo yake ilikata kabisa. Baba mkubwa alitoa dawa ya zahanati: iondoe, igeuze kichwa chini, ilale hivyo usiku, isimamishe, iache itulie, ndipo uwashe. Mzungu alitoka asubuhi na kahawa yake akakuta frigo ya dola elfu na kitu imesimama kwa kichwa mchangani, na mwana wa Kampemba akiwa ameketi pembeni kwa utulivu wa padri. Ilipona. Dawa hiyo husaidia pale vimiminika vilipojitenga. Penye ukoko haifanyi kitu, na mzee wa Bel-Air alikuwa amelisema hilo kabla hajaulizwa.

Binamu anayesoma chuo kikuu naye alitia lake. Frigo isiyo na chuma kinachozunguka ilibuniwa pia na Albert Einstein na Leo Szilard, ikapata hataza ya Marekani mwaka 1930. Watu hao hao, mwaka 1939, walimtahadharisha Rais Roosevelt kuhusu bomu la nyuklia na urani ya Kongo, ambayo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kwanza walifikiria kumwandikia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye Einstein alifahamiana naye, malkia yuleyule ambaye Lubumbashi ilibeba jina lake hadi 1966. Mama mtu alisikiliza yote, akauliza kama hao mabwana wa frigo walilipia mawe.

Ombi moja la kijana linafaa kusomwa na kila mwenye frigo kuukuu ya petroli nyuma ya nyumba. Ukiona unga wa manjano kwenye mabomba au ukisikia harufu kali ya amonia, izime, fungua madirisha, toka nje na watoto. Unga huo ni kromati, ni sumu, usiupanguse kwa mkono mtupu. Na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wakipita, msiwaruhusu wayakate mabomba uani: ndani mna amonia na haidrojeni chini ya mgandamizo.