Jinsi ya Kumwita Mungu Mpaka Chai Ipoe

Ikiwa umehamia Tiwi majuzi, kwa kazi ya hoteli, ya ualimu au ya machimbo ya mawe, na Wakristo wenzako wamekwisha kukualika kwenye ushirika wa nyumbani, jiandae. Jioni moja mwenye nyumba atamimina chai, atafunika mahamri kwa kawa, atazungusha macho sebule nzima, kisha yatatua kwako: "Ndugu mgeni, hebu tuombee, kwa ufupi tu." Usibabaike na hilo neno ufupi. Limewekwa pale kwa adabu. Ukiomba kwa ufupi kweli, watu watabaki wameinamisha vichwa wakingoja uanze.

Shida yako basi ni moja: una jambo la dakika moja, na heshima yako yataka dakika kumi. Hapo ndipo Jina linapoingia kazini.

Chukua "Baba". Ni jepesi, halichoshi ulimi, na laweza kuketi popote katika sentensi bila kuomba ruhusa. Sema hivi: "Baba, tunakuja mbele zako Baba, tukisema asante Baba, kwa chai hii Baba, na mahamri haya Baba, na mama aliyeyapika Baba, umbariki Baba." Hesabu. Mara saba, na bado hatujaifikia sukari. Yesu alipoombwa na mmoja wa wanafunzi wake awafundishe kusali, alitumia "Baba" mara moja, mwanzoni, akapitia mkate, makosa na majaribu bila kulirudia. Lakini yeye, tukumbuke, hakuwa akisikilizwa na wazee wa kanisa walioketi mstari wa mbele.

Ufundi wenyewe ni huu. Mtu anayeomba bila kitabu anatunga na kutamka kwa wakati mmoja, na kinywa hukimbia kuliko akili. Sokoni Ukunda mtu akikwama husema "yaani", "nanii", "eeh". Mbele za Mungu "nanii" haifai. Itaonekana umemsahau unayezungumza naye. Kwa hiyo tumeliteua Jina lishike zamu ya "nanii". Kila ukikwama, liite. Wasikilizaji watadhani umezidiwa na Roho, kumbe unatafuta jina la mama aliyepika.

Ukishaimudu "Baba", changanya. "Bwana" ni ya shukrani. "Mungu wangu" ni ya ada ya shule. "Yahwe" ni ya aliyewahi kuhudhuria semina Mombasa, na ni vizuri atamke ile h ya katikati ili ijulikane. "Jehova", yenye silabi tatu na pumzi nyingi, ihifadhiwe kwa ajili ya mapepo na wenye nyumba wanaopandisha kodi.

Juu ya hayo kuna majina ya daraja la kwanza: Ebenezeri, Yehova-Yire, Yehova-Nisi, Yehova-Shalomu. Yafululize bila kufungua Biblia, maana ukiifungua utakuta mambo. Yehova-Yire ni jina ambalo Ibrahimu alipaita mahali pale mlimani alipotaka kumtoa Isaka, Mwanzo 22. Nisi ni madhabahu ya Musa, Kutoka 17. Shalomu nayo ni madhabahu, ya Gideoni, Waamuzi 6. Na Ebenezeri ni jiwe alilolisimamisha Samweli, katika 1 Samweli 7. Anayelia "Ee Ebenezeri, nijibu!" analisihi jiwe, na akiyafululiza yote manne amekwisha kuita mlima, madhabahu mbili na jiwe kwa pumzi moja. Usiwaambie wenzako. Mawe yapo ya kutosha huku kwetu, na machimbo yana wenyewe.

Baada ya majina, mwelekeze Mungu ulipo. "Baba, hapa Tiwi Baba, wadi ya Tiwi Baba, eneobunge la Matuga Baba, kaunti ya Kwale Bwana, ukitoka Likoni kabla hujafika Diani Jehova." Hakuna ushahidi kwamba amewahi kupitilizwa stendi, lakini tahadhari haidhuru. Tumia nafasi hiyohiyo kumpasha habari za jirani: mume wa dada yetu fulani hajalala nyumbani siku tatu Baba, wewe wajua Baba. Naam, alikuwa anajua. Sasa ushirika mzima nao unajua, na hakuna anayeweza kukushitaki kwa umbea, kwa sababu ulikuwa umefumba macho.

Atatokea mjuaji. Mara nyingi ni kijana aliyerudi kutoka chuo cha Biblia na miwani mipya. Atakutajia Mathayo 6:7, pale Yesu anapowakataza wanaodhani kwamba watasikilizwa kwa wingi wa maneno yao. Akiona hutishiki, ataongeza amri ya kutolitaja Jina bure, ambayo Waprotestanti wengi huihesabu ya tatu na Wakatoliki ya pili. Kwa hesabu hiyo, kwenye ibada ya pamoja unaweza kuvunja amri mbili kwa mkupuo. Atakuambia kwamba Jina lenyewe, lile la herufi nne, limo katika Biblia ya Kiebrania zaidi ya mara 6,800, na bado Wayahudi walilichunga kiasi kwamba, kwa mapokeo yao, kuhani mkuu alilitamka mara 10 tu Siku ya Upatanisho, siku moja kwa mwaka, na watu waliolisikia wakaanguka kifudifudi. Mara 10! Sisi tunazimaliza kabla ya hamri la kwanza kumegwa, na hakuna anayeanguka isipokuwa kwa usingizi.

Silaha za kumjibu zipo. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inaishia kwa kiitikio kilekile. Gethsemane, Yesu mwenyewe aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Bartimayo, kipofu wa Yeriko, alikemewa anyamaze, akazidi kupaza sauti. Rozari ina makumi matano ya Salamu Maria, na ndani ya kila moja jina la Yesu limo. Waorthodoksi wana Sala ya Yesu. Katika kitabu kimoja cha Kirusi cha mwaka 1884, msafiri maskini anaamriwa na mzee wake wa kiroho airudie mara 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000. Na hutakiwi kwenda Urusi. Jirani yako Mdigo akitoka kuswali huvuta tasbihi yake, 33 za kumtakasa Mungu, 33 za kumhimidi, 33 za kumkuza.

Kijana atanyamaza. Mwombee asiendelee kufikiri, kwa sababu silaha zote hizi zina kasoro: mitutu yake imekuelekea wewe. Yule msafiri wa Kirusi hakuwa akitafuta neno jingine. Jina ndilo lililokuwa ombi zima. Jirani yako anahesabu shanga, zikiisha anaacha, anakwenda kupasua nazi zake. Bartimayo alikuwa na haja moja, na alipoulizwa anataka nini aliitaja palepale, akapewa macho, akafuata njia. Halafu nenda matangani. Mama aliyezika mwanawe ameketi mkekani tangu asubuhi, na kitu pekee kinachomtoka ni "Yesu... Yesu..." mpaka usiku. Pale Jina halijashika zamu ya neno lolote. Maneno mengine yamekwisha, limebaki lenyewe. Atakayethubutu kumhesabia mama huyo mimi simtaki katika ushirika wangu, hata kama ana shahada ya Kigiriki.

Lakini wewe hukufiwa. Umeambiwa ubariki chai. Turudi kazini.

Mtihani mkubwa zaidi ni baraza la chifu, ambapo desturi yetu ya Pwani ni kufungua kwa dua mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo. Ustadhi atatangulia. Atasoma Fatiha, aya saba, ambamo jina la Allah limetajwa mara mbili ukihesabu na la kwenye bismillahi. Ataongeza dua fupi ya amani na mvua, watu wataitikia amina na kujipangusa nyuso, naye ataketi. Wewe bado unakohoa. Ukisimama, usimuige. Wajibu wako ni kudhihirisha kwamba Wakristo wa Tiwi ni wachache lakini pumzi wanazo. Mwombee chifu Baba, naibu wake Baba, mwakilishi wa wadi Baba, vijana wa bodaboda Baba, na maji Bwana, kwa maana visima vya Tiwi vinanywesha mpaka Likoni Bwana, usitusahau sisi tuliovikalia Jehova. Hapo ombi limekuwa hoja ya bajeti, na mwakilishi wa wadi hawezi kukukatiza bila kuonekana anampinga Mungu. Ni njia salama kuliko kuinua mkono na kuuliza swali.

Wazee wa Kidigo watatulia, viganja wazi, mpaka umalize. Tafadhali usidhani wameguswa. Hao wamekulia karibu na Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, mahali ambapo watu wameswali karne nyingi chini ya mibuyu bila kumpigia Mungu makelele. Na huko chini kidogo kuna Kaya Kinondo, msitu uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ambamo mtu huingia kwa heshima na sauti ya chini. Wamezoea kuheshimu mahali pa ibada, hata pale mahali penyewe pakiwa ni wewe.

Kuhusu kipaza sauti, kitumie, hasa kwenye kesha la Ijumaa. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaziruhusu nyumba za ibada desibeli 40 mchana na 35 usiku. Arobaini ni takriban sauti ya maktaba iliyotulia, kwa hiyo "Yesu" moja tu ya mchungaji wetu, ikigawanywa kwa haki, ingetosha mgao wa mwezi. Usiwe na hofu. Saa nane za usiku mwenye kipimo naye yuko kitandani amelala, au alikuwa amelala. Ukikosa la kusema kabisa, panda ngazi: "Yesu! Yesu! Yesu!", kila moja juu ya mwenzake. Mpiga kinanda atakufuata, wamama watainua mikono, na wewe utapata nusu dakika nzima ya kukumbuka ulikuwa unaombea nini.

Imebaki kumaliza, na hapa wengi huharibu kwa kumaliza. "Katika jina la Yesu" isikutoe njiani. Ni tangazo tu kwamba abiria wakusanye mizigo. Iseme mara ya kwanza, watu waanze kutikisika vitini. Iseme ya pili, kisha uwakumbuke walio safarini. Ya tatu, wagonjwa waliolazwa Msambweni. Pengine mtoto mmoja ataropoka "Amina!" peke yake, kwa sauti iliyojaa matumaini. Usikubali kuongozwa na mtoto. Meza mate, vuta pumzi, useme, "Na tena, Baba..."

Waliofumbua macho wayafumbe.