Shangazi wa Kamati: Kura za Mikono na Mifuko ya Saruji

Wiki hii bahasha karibu zote zimetoka kwa watu wanaogombea kamati za shule, waliokwisha kuchaguliwa, au waliokosa na bado wana hasira. Shangazi niliwahi kukaa kamati ya shule ya msingi. Jina la shule silitaji, ila jengo letu lina ufa hadi leo. Kwa hiyo wapwa zangu, yanayofuata sikuyasoma kitabuni.

*Shangazi, shikamoo. Shule anayosoma binti yangu inachagua kamati mpya mwezi ujao, nami nagombea ujumbe upande wa wazazi. Nimeshachapisha fulana 50 zenye picha yangu na nimeagiza mchele wa pilau kilo 40. Kaulimbiu yangu ni "Kompyuta kwa Kila Mtoto". Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Nani yuko sahihi? — Mgombea, Mbagala*

Marahaba, baba. Mkeo.

Uchaguzi wa kamati ya shule si wa ubunge. Mkutano wa wazazi unaitwa saa tatu, unaanza saa tano. Kwanza matokeo ya mitihani, halafu uji wa watoto, halafu mzazi mmoja anasimama kulalamikia sweta la mwanawe lililopotea tangu mwaka juzi. Ikifika ajenda ya uchaguzi nusu ya watu wameshakwenda sokoni. Waliobaki ni akina mama wenye watoto mgongoni, jicho moja kwa mwenye kikao, la pili kwenye jua. Linatajwa jina, mwenyewe anajitetea kwamba ana shughuli nyingi, watu wanapiga makofi, basi, keshakuwa mjumbe. Anayechaguliwa ni yule anayekataa. Wewe ukitokea na fulana yenye sura yako, swali litakuwa moja tu: huyu anafuata nini pale?

Na hiyo pilau? Takrima ya wagombea ilizikwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, tena ilikuwa ya wabunge na madiwani. Unaifukua kwa ajili ya kiti kisicho hata na posho ya nauli?

Sasa tuje kwenye kompyuta. Tuseme shule yenu ina watoto 600, ingawa kwa Mbagala 600 mnaweza kuwapata darasa la kwanza peke yake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Piga hesabu: milioni tatu na laki sita kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Chaki zinatoka humo, karatasi za mitihani humo, na kitasa cha ofisi kinachovunjwa kila likizo humo humo. Ukifika kwenye kompyuta utakuwa umebakiwa na waya.

Kesho asubuhi nenda shuleni ukahesabu matundu ya vyoo. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kama wasichana ni 300, yanatakiwa 15. Ukikuta sita, moja limejaa, na lingine lina kufuli la walimu, kaulimbiu umeshaipata. Fulana wagawie mafundi.

*Shangazi, nimechaguliwa kwenye kamati na kuwekwa kwenye mapokezi ya vifaa vya ujenzi wa madarasa mawili. Juzi mchana nililetewa karatasi nisaini kwamba nimepokea saruji mifuko 120. Mimi nilikuwa shambani, sikuona gari. Mwalimu mkuu anasema "saini tu mama, imo stoo". Naogopa kuonekana mkorofi. — Mama Wawili, Geita*

Mwanangu, onekana mkorofi.

Hii kazi naijua hadi harufu yake. Serikali ilipoamua shule zijengwe na mafundi wa hapo hapo badala ya makandarasi wakubwa, ilitaka kuwe na watu wa manunuzi, watu wa mapokezi na watu wa ujenzi, ili anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Kwenye karatasi mpango ni mzuri sana. Ila huyo wa mapokezi ni wewe, una mtoto mgongoni na jembe mkononi, na lori huja saa unayopika.

Siku ya kwanza nilisaini kama ulivyoambiwa wewe. Siku ya pili nilikwenda na kipande cha mkaa. Kila mfuko ulioshuka nikachora mstari ukutani, na kila wa tano nikaukata kwa mshazari, kama tulivyofundishwa darasa la pili. Karatasi ilisema 100. Ukuta ukasema 86. Dereva akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Mama, hiyo hesabu ya mkaa haitambuliki." Nikamwambia basi na saini yangu haitambuliki. Alirudi jioni na mifuko 14, na hakuna aliyeniambia ilikuwa imelala wapi.

Mchanga ndio mgumu zaidi, kwa sababu mchanga unahesabiwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Ni neno tu. Lori moja linakuja limejaa, la pili limelundikwa kilima katikati na pembeni ni bonde, ukiwa chini unaona kilele. Panda juu. Ndiyo, na khanga yako. Chukua koleo, sawazisha, kisha tazama mchanga umefika wapi kwenye bodi. Mara ya kwanza watakucheka. Mara ya tatu lori litakuja limejaa.

Hiyo ya mifuko 120 usiisaini. Omba stoo ifunguliwe mhesabu pamoja, wewe, mwalimu mkuu na mjumbe mwingine mmoja. Ikitimia, saini na uombe radhi kwa usumbufu. Isipotimia, andika idadi uliyoiona, kwa maneno na kwa tarakimu, ndipo uweke jina lako. Ufa wa jengo letu ulianzia kwenye ile karatasi ya siku ya kwanza, na saini ni yangu. Nikipita pale huwa natazama upande wa pili wa barabara.

*Shangazi, mimi ni mwalimu mkuu. Wajumbe wangu hawahudhurii vikao, muhtasari naandika peke yangu. Nifanyeje? — Jina Lihifadhiwe*

Mwalimu, wewe ndiye katibu wa kamati, na anayeandika muhtasari ndiye anayeamua kikao kilisema nini. Sina hakika kama unalalamika au unatamba. Jaribu kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, mahali pasiponyeshewa. Andika kila kitu, hadi ile soda ya mgeni wa wilayani. Watakuja bila kuitwa.

MENGINEYO

*Mzazi wa Kilifi* anauliza kwa nini kanisa lililofadhili shule lina viti vitatu kwenye bodi na yeye hana hata kimoja. Sheria ya Elimu ya Kenya ya 2013 ndiyo iliyompa mfadhili vitatu, lakini wawakilishi wa wazazi imewapa sita. Sita ni zaidi ya tatu, baba. Tatizo ni kwamba wale watatu huja kikaoni wote.

*Mtanga wa San Francisco*, ambaye bado si raia wa Marekani, anauliza kama anaweza kupiga kura ya bodi ya shule. Huko kwenu wapiga kura waliridhia mwaka 2016 kwamba mzazi asiye raia aruhusiwe, kwa bodi ya shule tu, na kura za kwanza zikapigwa 2018. Lakini muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, maana ukitia alama kwenye karatasi nyingine kimakosa unaweza kuharibu makaratasi yako yote. Na utuandikie: nasikia bodi za huko zinaweza kumwachisha kazi mkuu wa elimu. Sisi huku hata mpishi wa uji tunamwogopa.

*Mchangishaji wa Morogoro*: hapana. Mtoto harudishwi nyumbani kwa mchango wa dawati. Rais Magufuli aliwakataza walimu kukusanya michango Januari 2018, na wewe mjumbe kuvaa kofia ya mwalimu hakukuondolei katazo.

*Aliyeonewa wa Rufiji* ameshindwa ujumbe kwa kura moja, aliyemshinda ni mke mwenzake, na mume wao alikuwepo mkutanoni akanyoosha mikono yote miwili. Dai uchaguzi urudiwe. Safari hii mumpe mtoto abebe.