Sifa za Ubao Usiofanya Kazi

Prosesa haijakosa wa kuisifu. Aprili 2024, kampuni ya Zilog ilipotangaza kwamba inafunga oda za chipu ya Z80, iliyokuwa sokoni tangu 1976, watu wazima wenye kazi na familia waliomboleza hadharani. Bekipleni haijawahi kuliliwa na mtu. Ule ubao mrefu wenye safu za soketi, unaosimamisha kadi zote za kompyuta ya kale, hutajwa tu pale mtu anapoutafuta akaukosa. Nimeona nijitolee kuuondolea aibu hiyo, nikiwa hapa Machakos, ambako kuupata ni tabu na kuulisha stima ni tabu juu ya tabu.

Fadhila yake kubwa ni kwamba haufanyi kitu. Hauhesabu, haukumbuki, hauamui. Bekipleni nyingi hazina hata chipu moja: ni njia za shaba zilizolala sambamba, pini ya kwanza ya soketi hii kwa pini ya kwanza ya ile, hadi ya mwisho. Ni mwenyekiti wa harambee ambaye hajachanga hata shilingi, lakini hakuna bahasha inayofika bila kupitia mezani kwake. Kadi ya prosesa ikiwa na neno na kadi ya kumbukumbu, sharti ipite kwake. Na mashine ikikwama, fundi huzing'oa kadi moja moja, akazisugua pini kwa raba ya penseli, akazilaumu kwa majina. Mwenyekiti haulizwi.

Nasaba yake nayo ni ya heshima. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka jaladani kompyuta ya Altair 8800, ya Ed Roberts na kampuni yake ya MITS kule Albuquerque. Kadi zake zilikaa katika soketi za pini 100. Mbona 100? Inasimuliwa kwamba Roberts alipata soketi za namna hiyo kwa bei ya kutupa, basi muundo ukaifuata soketi. Kilichoanza kama bahati ya sokoni kikaigwa na kampuni nyingine, na mwaka 1983 wahandisi wa IEEE wakakitawaza kwa jina la IEEE-696. Hekima ya mpangilio wa pini inastahili sifa peke yake: pini ya 1 ina volti 8, na jirani yake wa kwanza, pini ya 2, ana volti 16. Chomeka kadi stima ikiwa imewaka, ilale upande kidogo tu, na utaujua ujirani huo kwa moshi. Tena bekipleni za mwanzo za Altair zilikuja kwa vipande vya soketi nne nne, na kuunga kipande kwa kipande kulitaka nyaya 100, kila moja ilehemiwe kwa mkono. Nani angethubutu kusema ubao huo haukuwapa vijana kazi?

Sasa tuitafute. Muuza vifaa wa hapa mjini, ukimwomba soketi ya pini 100, atakuletea kebo ya HDMI, kwa ukarimu wake. Utapanda matatu kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, na pengine utashukia stendi inayoitwa Machakos Country Bus, maana yake umetoka Machakos ukafika Machakos na soketi bado huna. Kuagiza ng'ambo kunawezekana, ila ukijumlisha usafiri na ushuru, ubao usiofanya kazi unageuka kuwa kifaa ghali kuliko vyote nyumbani. Wenye busara hushusha cheo. RC2014, kompyuta ya Z80 aliyoibuni Spencer Owen wa Uingereza, inatosheka na safu moja ya pini 40 na volti 5 tu, na safu za soketi za namna hiyo hukatwa kwa urefu unaotaka.

Njia nyingine ni skrapu. Kompyuta kuukuu za ofisini zina soketi za ISA. Zile fupi, za pini 62, ni ukoo uleule wa IBM PC ya 1981. Mnunuzi wa skrapu niliyemwendea barabara ya Mombasa alikuwa na gunia lake. Anapima kwa kilo, na jicho lake liko kwenye kadi zenye chipu na kingo za dhahabu. Nilipochomoa ubao mtupu kutoka chini akanitazama kwa huruma.

"Mzee, hiyo haina chipu hata moja. Unaitakia nini?"

"Haifanyi kitu," nikamwambia. "Ndiyo maana naitaka."

Kuzitoa soketi ni ibada. Unapuliza hewa ya moto nyuma ya ubao, polepole, huku umeshika soketi kwa koleo. Moto ukipungua, lehemu inashika upande mmoja na pini zinapinda. Ukizidi, plastiki inalainika kabla ya lehemu, soketi inakunja mgongo, na chumba kinanuka hadi kesho yake.

Kisha uilishe. Yenyewe haili chochote, lakini kwa jina lake huletwa karamu. Ubao wa pini 100 unataka volti 8 za kienyeji, zisizosawazishwa, na kila kadi ina regyuleta yake ya 7805 ya kuzishusha hadi 5. Zile volti 3 zinazobaki hugeuka joto: kadi inayokula ampea moja inatoa wati 3 bure, na kadi kumi wati 30. Watu wa nchi za joto hulalamika. Njoo Machakos mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeketi juu ya vilima vya Iveti, uweke mikono juu ya kadi kumi, ndipo uniambie huo ni upotevu.

Ukibahatika kupata transfoma ya Kimarekani, imezoea volti 115 na hezi 60. Sisi tuna 240 na 50. Kishusha volti kitashusha volti, hezi zitabaki zilezile, na chuma kilichoundwa kwa 60 kitapata moto na kuunguruma usiku kucha. Basi wengi hukimbilia pawasaplai ya kompyuta ya kawaida: unganisha waya wa kijani na mweusi, feni inaanza kuzunguka. Ikiwa ina kiswichi chekundu nyuma, kitazame mara mbili. Kikiwa kwenye 115, majirani watausikia mlio. Iliyoandikwa wati 500 na ni nyepesi mkononi ni ya kutiliwa shaka. Nyingine za zamani hazitulii bila mzigo, na hapo balbu ya breki ya gari hupata ajira. Lakini prosesa ya 8080, ile ya Altair, inataka pia volti 5 hasi, na pawasaplai za leo hazina tena waya mweupe wa kuzileta. Zitengeneze mwenyewe.

Halafu kuna Kenya Power wanaosambaza stima, na nyuma yake KenGen wanaoizalisha, na nyuma yao tumbili. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, chini ya bwawa la Masinga lililo mpakani mwa kaunti yetu na Embu. Nchi nzima ilikosa stima kwa saa kadhaa, tumbili akapona. Wataalamu walishangaa. Mwenye bekipleni hakushangaa: kwake, shoti ya soketi moja huzima kadi zote, siku yoyote, bila tumbili.

Usalama wake pia usidharauliwe. Mwizi akiingia usiku atabeba transfoma kwa ajili ya shaba, atabeba pawasaplai, pengine na balbu ya breki. Ubao atauinua, ataugeuza, ataurudisha mezani. Asubuhi utaukuta mzima, soketi zote mahali pake, na wewe utaanza kuulizia transfoma.