Barua ya Wazi kwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki

YAH: OMBI LA KUMSAJILI BINTI YANGU KAMA SHEHENA

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kirewa, wilaya ya Tororo, jirani na kampasi ya Nagongera ya Chuo Kikuu cha Busitema. Mihogo inaendelea vizuri. Sisi wenyewe tuko katika eneo moja la elimu ya juu tangu 20 Mei 2017, siku marais wetu walipolitangaza Dar es Salaam. Tulipiga makofi. Jirani yangu alipiga mpaka akauliza fomu zinachukuliwa wapi.

Mnahimiza mwanafunzi wa nchi mwanachama atozwe karo kama mwenyeji. Jambo jema sana, kwa mwenye karo.

Tuseme kuna mabinamu wawili. Mmoja amezaliwa hapa Kirewa. Mwingine amezaliwa Busia ya Kenya, alikoolewa shangazi. Nyanya yao ni mmoja na kaburi lake liko hapa. Wote wanataka Chuo Kikuu cha Alupe, chuo cha umma kilichoko papo hapo Busia. Yule wa Kenya akipata C+ anapangiwa nafasi, anapimwa uwezo wa wazazi, anapewa ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya Kenya. Mfumo wenyewe wa ufadhili, wa 2023, umeshaburuzwa mahakamani, lakini hata ukiwa mgonjwa, ni wa Wakenya. Wa Kirewa anakaa dawati lile lile na kulipa taslimu. HELB haimjui, na mkopo wa Kampala haumfuati ng'ambo.

Geuzeni sasa, yule wa Kenya aje Nagongera. Kwanza ataulizwa kidato cha sita, ambacho Kenya ilikizika zamani. Akishaliziba pengo hilo, atakuta ufadhili wa serikali ya Uganda, nafasi kama 4,000 kwa mwaka, si wake akiwa na hati za Kenya tu. Kati ya hizo, 896 zimetengwa kwa wilaya, ili mtoto wa kijijini asimezwe na shule kubwa za mjini. Nia safi kabisa. Ila mtoto aliyelelewa Kampala, anayeijua Kirewa kwa misiba miwili tu, ni mzawa wa Tororo. Na huyu anayepalilia shamba la nyanya kila likizo ni mgeni.

Najua mtajibu kwamba kila serikali hulinda kodi ya wananchi wake. Kodi ipi? Shangazi hununua sukari upande mmoja na muda wa maongezi upande wa pili; anakatwa kotekote bila kuulizwa uraia. Hata Marekani, ambako vyuo vya majimbo humtoza mtoto wa jimbo jingine zaidi bila haya, kwa kawaida ukikaa jimboni mwaka mmoja unaweza kuhesabiwa mwenyeji, na Minnesota na Wisconsin zimepatana watoto wao wavuke. Sisi tumekaa hapa tangu Uganda ilipokuwa ikifika hadi Naivasha, yaani kabla ya 1902. Mwaka mmoja tumeutimiza, nadhani.

Wala si kitu kipya. Kati ya 1963 na 1970, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kijana wa Nairobi alisomea udaktari Makerere na wa Kampala akasomea sheria Dar es Salaam, serikali zikimalizana zenyewe kwa hesabu. Kisha kila mmoja akabeba chungu chake.

Kwa hiyo naleta ombi dogo. Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018: trela linakaguliwa mara moja na kwenda zake. Mahindi yetu yalizuiwa na Kenya Machi 2021 kwa hofu ya sumukuvu, na baada ya siku chache yakaruhusiwa tena kwa masharti ya vyeti. Saruji ya Tororo haijawahi kuulizwa nyanya yake alizikwa wapi. Naomba binti yangu avuke kama saruji, na mkopo wake uvuke naye kama dhamana ya mzigo. Ana kilo hamsini na mbili, hana unyevu wala sumukuvu, na matokeo yake yamebandikwa mgongoni.

Nijulisheni tu ushuru wake ni kiasi gani, na kama shehena inayokula mara tatu kwa siku hulipiwa zaidi.

Wenu mtiifu,
Mzazi wa Kirewa

Nakala: Bodi ya mikopo, Nairobi; wahusika wa mikopo, Kampala; wakala wa forodha yeyote mwenye huruma.