Roketi Nayo Huogopa Mvua

Tarehe 27 Mei 2020 watu walipanga viti vya kukunja ufukweni Florida kutazama roketi ikiruka, darubini shingoni, barakoa kidevuni. NASA ilikuwa imewasihi wabaki nyumbani kwa sababu ya korona. Nani wa kusikia! Ndani ya chombo cha Dragon, wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa wameshafungwa mikanda. Zikiwa zimebaki dakika zisizozidi 17, safari ikaahirishwa: hofu ya radi. Roketi yao Falcon 9, chombo cha kutoboa mbingu, kimelitazama wingu likakishinda, kama mama aliyeanika mpunga.

Rais Trump, aliyekuja kushuhudia, akarudi zake. Siku tatu baadaye akaja tena, na viti navyo vikarudi pale pale. Safari hii roketi ikaruka kweli.

Mafundi walikuwa na mengi ya kueleza: injini tisa, na kipande cha chini kinachorudi kutua chenyewe juu ya tishari baharini. Wananchi walitaka mawili tu. Yule mwanasesere wa dinosaria anayeelea mle ndani anauzwa duka gani? Na hao jamaa, safari ya saa 19, wanajisaidia wapi?

Choo kipo, jamani.